Uliza Tukujibu: Diski Mpya za Anime na Sai-fai, Ipi Itacheza Kwako na Ipi Itakuwa Pambo la Meza

Maswali ya mwezi huu karibu yote yanazunguka kitu moja, diski za anime (katuni za Kijapani) na sai-fai (hadithi za kisayansi). Nani alisema watu wa Nairobi walihama wote wakaenda kustrimi? Kumbe mko, tena mnaagiza vitu kutoka majuu bila kuuliza kwanza halafu ndio mnakuja kulia hapa. Sawa tu, hapa ndio pa kulilia. Majina tumeficha, mitaa tumeacha.

Niaje wadau. Binamu yangu ako Marekani ameniambia atanitumia Evangelion yote, ile boksi ya Blu-ray. Mimi niko na PS4 nilinunua hapo tao kwa jamaa huleta zake kutoka Dubai. Itasoma ama nimwambie anunue kitu ingine? – Kayole

Ndugu yangu wa Kayole, mpigie binamu simu leo, asilipe bado. Hiyo boksi ya Marekani ilitoka mwisho wa 2021 kupitia kampuni ya GKIDS, vipindi vyote 26 vya hiyo anime ya 1995 na 1996, kazi safi kabisa, lakini ni ya zoni A. Blu-ray, ile diski ya picha safi iliyokuja baada ya DVD, iligawanya dunia zoni tatu. A ni Marekani yote ya kaskazini na kusini, Japani, Korea na ile Asia ya kusini mashariki. B ni Ulaya, Australia, Uarabuni na sisi Afrika. C ni China, India, Urusi na majirani zao. PS4 ya Dubai ni B, kwa hivyo ukiweka diski ya A itakuandikia tu kwamba haiwezi, na hakuna mipangilio ya kubadilisha, usidanganywe na fundi yeyote hapo Luthuli eti ataifungua na rimoti. Kinachochanganya watu ni kwamba gemu za PS4 hazina zoni, unanunua ya Marekani inacheza, ya Ulaya inacheza, basi mtu anaona muvi pia itakuwa hivyo. La. Gemu ni gemu, muvi ni muvi.

Waingereza walitolewa yao na Anime Limited, na Uingereza ni zoni B kama sisi, kwa hivyo hiyo ndio ya kutafuta, hata kama itabidi umpate mtu mwingine wa kuitisha. Kabla ya kulipa chochote geuza boksi, ama uombe picha ya mgongo wake, utaona alama ndogo iko na herufi A, B ama C. Kuna zingine zimeandikwa zote tatu, hizo mkaribishe nyumbani.

DVD nayo ina mpango wake tofauti, ni namba, na hapa ndio Wakenya huumia zaidi juu sisi tumewekwa 5 pamoja na Afrika kubwa, lakini Afrika Kusini na Misri wako 2 na Ulaya na Japani. Afueni ni kwamba pleya nyingi za bei ya chini zinazouzwa hapa hazijali zoni ya DVD, zinasoma chochote unazipea. Kwa Blu-ray usitegemee hiyo huruma.

Na usishangae mbona Japani na Marekani wako zoni moja na bado Wajapani hawafurahii. Kule kwao diski moja yenye vipindi viwili ama vitatu unaweza lipa yen elfu sita na kuendelea, halafu Mmarekani anapata msimu mzima kwa bei ya kawaida, kwa hivyo kampuni za Japani huogopa watu wao wasianze kuagiza za Marekani. Ndio maana wakati mwingine utapata diski ya Marekani inakulazimisha maandishi ya chini ukiweka sauti ya Kijapani, ama imecheleweshwa kutoka. Sio uchawi, ni biashara.

Nimejipea bajeti ya diski mbili tu mwaka huu, na nimetoka kununua PS5 ile ya diski. Ninunue gani kati ya hizi mpya za 4K? – Umoja

Umebarikiwa wewe, juu diski ya 4K, ile ya picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida, haina zoni kabisa. Ya Japani, ya Marekani, ya Ujerumani, zote zitacheza kwa hiyo mashine yako. Wenye PS4 msijisumbue, hata ile Pro haisomi diski ya 4K, kitu ambacho mpaka leo sielewi walikuwa wanafikiria nini wakati Xbox One S ilikuwa inasoma.

Diski zangu mbili ni hizi. Ya kwanza, Akira ya 1988 ya Katsuhiro Otomo, ile iliyosafishwa upya kwa 4K ikatoka Japani 2020 na Marekani mwanzo wa 2021. Ya pili, The Boy and the Heron ya Hayao Miyazaki, hiyo ilishinda Oscar ya katuni 2024 na diski ya 4K ikatoka Marekani Julai mwaka huo huo, na ndio ilikuwa muvi ya kwanza ya Ghibli, studio ya Miyazaki, kupewa 4K upande huo. Kuna watakaonirushia mawe kwa kuacha Godzilla Minus One, ambayo ilichukua Oscar ya vifekti usiku ule ule. Ni muvi kali, nakubali, lakini hao wawili wengine nitawarudia kila mwaka na Godzilla niliona ikanitosha.

Mtego uko hapa, sikiza vizuri. Boksi nyingi za 4K huja na diski mbili ndani, moja ya 4K na moja ya Blu-ray ya kawaida, na ile ya kawaida ndio imefungwa zoni. Mara nyingi nyongeza zote, mahojiano na zile michoro za awali, zimewekwa kwa hiyo ya kawaida. Kwa hivyo muvi utaona, nyongeza utazisikia kwa marafiki.

Na tivi yako iwe ya 4K kweli yenye HDR (inayoonyesha mwanga na giza kwa upana zaidi), sio ile imeandikwa 4K kwa karatasi ya mbele. Kama bado uko na ya 1080 basi nunua Blu-ray ya kawaida ya zoni B ubaki na chenji.

Kuna kitu inanishangaza. Nimeona Ghost in the Shell ya 1995 kwa rafiki, picha inakata kama wembe. Halafu nikanunua Blu-ray ya series moja ya 2003 na inakaa kama imepakwa mafuta ya taa. Kwani teknolojia ilirudi nyuma? – Zimmerman

Hili ndio swali limenifurahisha kuliko yote, na jibu ni ndio, kwa namna fulani ilirudi.

Zamani anime ilikuwa inachorwa kwa karatasi, inapakwa rangi kwa plastiki angavu, halafu inapigwa picha moja moja kwa filamu kama sinema yoyote ile. Filamu ya milimita 35 imeshika maelezo mengi kuliko tivi yoyote ya wakati ule ingeweza kuonyesha, kwa hivyo miaka 25 baadaye unarudi stoo, unatoa filamu, unaiskani upya kwa mashine ya kisasa na vitu ambavyo hakuna aliwahi viona nyumbani vinatokea, alama za brashi, vumbi, mistari ya penseli. Ghost in the Shell ya Mamoru Oshii ilipewa hiyo heshima na 4K yake ikatoka 2020. Akira vilevile, na Akira ilitumia karibu plastiki 160,000 za kuchora, hebu fikiria mkono wa mtu.

Halafu mwisho wa miaka ya tisini kuingia elfu mbili, studio zikahamia kompyuta. Kupaka rangi ikawa haraka, bei ikashuka, lakini tivi ilikuwa bado ni zile za mgongo, basi wengi wakatengeneza kila kitu kwa ukubwa wa tivi ya wakati huo, kama pikseli 720 kwa 480. Hakuna filamu stoo. Hiyo ndogo ndio asilia, hakuna ingine mahali popote. Kwa hivyo wakitaka kuuza Blu-ray ya 1920 kwa 1080 wanaivuta tu ijae, na kuvuta hakuongezi kitu ambacho hakikuwepo. Hiyo series yako ya 2003 sina shaka ni hayo. Diski yenyewe haina kosa, na ile ya DVD ingekutosha kabisa na ungeokoa pesa.

Kuna ugonjwa wa pili, na huu unaniudhi juu ni wa kujitakia. Filamu huwa na chembechembe zinacheza kwa picha, ni asili yake. Sasa kuna kampuni zikiona hizo chembe zinaona uchafu, zinapitisha programu ya kuzifuta, na pamoja na chembe inafuta mistari ya uso na kivuli cha nguo, watu wanabaki laini kama sabuni. Mbaya zaidi ni wale wanachukua picha ya zamani ya mraba wanaikata juu na chini ndio ijae tivi pana, ilifanyiwa Dragon Ball Z kwa seti za Marekani za 2007, vichwa vikakatwa, miguu ikaenda. Ukiona series ya kabla ya 2000 inajaza tivi yako yote bila mistari myeusi kando, uliza maswali.

Kwa hivyo kabla ya kununua toleo jipya la kitu cha zamani usisome ule ukuta wa sifa kwa boksi. Tafuta kitu kimoja: imeskaniwa upya kutoka filamu asilia ama la. Wenye wamefanya hiyo kazi huwa wanajigamba waziwazi. Wenye wamenyamaza, wamenyamaza kwa sababu.

Mhariri habari. Hapa Githurai kuna kijana wa duka la muvi anauza Blu-ray shilingi mia, anasema ni orijino na pleya yangu ya DVD imeisoma vizuri. Mbona nyinyi mnasema ni bei? – Githurai

Mzee wangu, umejijibu mwenyewe. Kama pleya ya DVD imeisoma, basi sio Blu-ray, haiwezekani. DVD husomwa na leza nyekundu na Blu-ray na leza ya rangi ya buluu kuelekea zambarau yenye wimbi fupi zaidi, ndio inaweza soma vitundu vidogo zaidi. Pleya ya DVD haina hiyo leza, hata umeibembeleze.

Kijana amepakua faili, ameichoma kwa DVD tupu ya gigabaiti 4.7, halafu jina la faili limeandikwa Blu-ray kwa sababu aliyeirekodi mara ya kwanza alitoa huko. Diski ya Blu-ray yenyewe inabeba 25 ama 50, na za 4K zinafika 66 na 100. Ukitaka kujua hiyo tofauti imeenda wapi, angalia anga la usiku kwa muvi yoyote ya sai-fai, utaona miraba miraba badala ya giza.

Mimi sikuhukumu, sote tumelelewa na maduka hayo na video za mtaa, na nani hajacheka na DJ Afro akieleza muvi ya Mchina mpaka inakuwa ya Kiambu. Lakini orijino inayouzwa Kenya inatakiwa iwe na stika ya usalama ya KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na bila hiyo kijana anaweza shikwa na mzigo wake wote. Mlipe mia yake mkijua wote ni nini unanunua.

Nasikia kuna watu walinunua anime kwa app na zikapotea. Ni kweli ama ni za mtandao? – South B

Ni kweli dada. Funimation, kampuni ya anime ya Marekani, walikuwa wanauza diski zenye kijikaratasi cha namba ya siri ndani, unaiweka kwa app unapata nakala ya kidijitali. Sony walinunua Funimation 2017, wakanunua Crunchyroll, app ingine ya kustrimi anime, 2021 kwa dola bilioni 1.175, halafu wakaamua moja inatosha. App ya Funimation ikafungwa tarehe 2 Aprili 2024 na zile nakala za kidijitali hazikuhamishwa, watu waliambiwa tu ndio hivyo. Lakini ona, wale waliokuwa wametunza diski iliyokuja na hicho kijikaratasi, diski bado inacheza mpaka saa hii.

Sisemi uache kustrimi, mimi mwenyewe nastrimi, na kwa bei ya kila mwezi ni rahisi kujaribu kitu kipya. Ila usiite kabati kitu ambacho ufunguo wake uko na mwenye nyumba. Zile mbili tatu unazipenda sana, zinunue ushike kwa mkono.

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 8 na 12. Wameshikwa na hii anime. Nataka kuwanunulia diski za likizo lakini sijui gani ni ya watoto. – Donholm

Mama, jambo la kwanza, kuchorwa hakufanyi kitu kiwe cha watoto. Akira niliyoisifu huko juu ina damu na mambo ya kumkosesha mtoto wa 8 usingizi wiki nzima. Diski za nje hazitakuwa na alama za bodi yetu ya filamu, zile GE, PG, 16 na 18, zitakuwa na za Uingereza ama Marekani, lakini namba ya umri inaeleweka popote.

Anza na My Neighbor Totoro ya 1988, huyo wa 8 atakushukuru. Huyo wa 12 mpe Spirited Away ya 2001, ina sehemu za kuogofya kidogo lakini umri huo wanapenda kuogopa. Na angalia sana usije ukachukua Grave of the Fireflies kwa sababu ni studio ile ile na watoto wawili wako kwa kava. Japani waliionyesha siku moja na Totoro, tiketi moja, hebu wazia hao wazazi walivyotoka ukumbini. Hiyo ni ya kuona wewe, watoto wakilala, na leso karibu.

Lugha utapata Kijapani na Kiingereza, Kiswahili sijaona kwa yoyote. Wa 12 mwekee Kijapani na maandishi ya chini, atasoma haraka kuliko mwalimu anavyodhani.

Kwa boksi nyingi za zamani naona OVA. Hizo ni gani na ziko sawa kununua? – Rongai

Ni anime iliyotengenezwa iuzwe moja kwa moja kwa kaseti, haikupitia tivi wala sinema. Ya kwanza ilikuwa Dallos, Desemba 1983, huyo huyo Oshii wa Ghost in the Shell akiwa mmoja wa wakurugenzi, hadithi ya wachimba madini waliochoka kutawaliwa kule mwezini. Angalia hapo, mlango wenyewe wa video ya nyumbani ulifunguliwa na sai-fai. Tivi ilikuwa inataka roboti za kuuzia watoto vinyago, lakini kwa kaseti ulikuwa unauzia mtu mzima mwenye pesa na mashine, kwa hivyo wakaandika walichotaka. Gunbuster ya 1988, vipindi sita tu, kazi ya kwanza ya Hideaki Anno kuongoza kabla ya Evangelion, na kipindi cha mwisho amekifanya rangi nyeusi na nyeupe. Legend of the Galactic Heroes nayo vipindi 110 kati ya 1988 na 1997, watu walikuwa wanalipia wanatumiwa kaseti nyumbani kwa posta. Na nyingi zilipigwa kwa filamu, kwa hivyo rudi usome jibu la mtu wa Zimmerman. Ziko sawa, tena sana.

Mimi anime sijui, mimi ni Star Trek. The Next Generation niko nayo Blu-ray, sasa natafuta Deep Space Nine na kila mahali ni DVD tu. Nitoe oda wapi? – South C, mzee wa miaka 58

Shikamoo mzee. Usitoe oda popote, haipo. The Next Generation ilipigwa kwa filamu ya 35 lakini ikahaririwa na kuwekewa vifekti kwa mkanda wa video, kwa hivyo kuifanya Blu-ray ilibidi watafute filamu zote stoo, wazikate upya kipindi kwa kipindi, waunganishe picha za meli upya kutoka filamu hizo, na watengeneze leza tena kutoka mwanzo. Walimaliza misimu yote saba kati ya 2012 na 2014, ikala pesa nyingi, na mauzo hayakuwashawishi wairudie hiyo kazi kwa Deep Space Nine wala Voyager. Nunua DVD bila kusubiri. Ukiweza pata ya Marekani, pata hiyo, mradi pleya na tivi zinasoma NTSC, mfumo wa picha wa Marekani.

Ukitaka kitu ya kushindana nayo, series ya Babylon 5 ilitoka Blu-ray Desemba 2023, misimu yote mitano. Watu wameskaniwa upya kutoka filamu na wako wazi kabisa, meli za kompyuta zimevutwa tu kwa hivyo ziko na ukungu, utazoea kufikia msimu wa pili.

Ya haraka: shangazi ameniletea pleya ya Blu-ray kutoka Marekani, niichomeke? – Kahawa West

Igeuze kwanza usome nyuma. Ikiwa imeandikwa 100-240V, tafuta adapta ya miguu mitatu uchomeke. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, stima yetu ni 240 na itakufa hapo hapo na moshi juu, nunua transfoma ya kushusha. Na ukishaiwasha salama, hiyo ni zoni A. Pigia yule jamaa wa Kayole, binamu yake ako na boksi anataka kutuma.